Sufuria ya Bwana Fedir

Katika miaka ishirini na sita ya upelelezi, Kapteni Yevdokia Hrymaliuk alikuwa ameona maiti za kila namna, na hakuna hata moja iliyowahi kumnyima chai ya saa nne. Asubuhi ile ya Jumanne aliweka kikombe chini kikiwa kimejaa. Maiti yenyewe ilikwishapelekwa mjini. Kilichomshinda ni maji.

Sufuria ilikaa juu ya mawe nyuma ya nyumba ya wageni, pana kiasi cha kuketi watu wanane, kuta zake za chuma zikimfika mtu mzima kifuani, na chini yake majivu ya kuni za jana. Huku milimani kila mwenye nyumba ya wageni anayo. Watu huja na wake zao na watoto wao, hupanda ngazi na nguo za kuogelea katikati ya theluji, hukaa humo wakichemka taratibu pamoja na matawi ya msonobari na vipande vya machungwa, kisha hutoka mbio peku hadi kijitoni wakipiga mayowe, na hiyo ndiyo likizo. Yevdokia alizaliwa vijiji viwili tu kutoka hapo na hakuwahi kuingia. Kwa mama yake, kilichowekwa juu ya moto pamoja na majani kiliitwa supu.

"Ina utando," alisema Zenoviy kutoka juu ya ngazi. Alikuwa mtaalamu wa vielelezo, mwembamba, glavu mpaka kwenye viwiko, na mkononi alishika mwiko mrefu wa chuma. "Ukiusukuma unajikunja, kama wa maziwa yaliyopoa."

"Usinielezee. Andika."

"Naandika. Mafuta ya mwili. Nywele, rangi nne tofauti. Ganda la soseji. Plasta za kidonda, mbili. Hii ya pili ina picha za vifaranga vya bata."

"Ya mtoto."

"Naomba iwe ya mtoto. Ikiwa ni ya mtu mzima nitasikitika zaidi."

Yevdokia alitazama saa. Ilikuwa saa nne na robo. Saa tisa alasiri hakimu wa mji wa Kosiv angeamua kama Hafiya Paliichuk, mchochea moto wa sufuria hii, atakwenda rumande siku sitini. Hafiya alikuwa na miaka thelathini na moja na mama aliyepooza upande mmoja, ambaye tangu jana analishwa na jirani wa miaka themanini asiyesikia vizuri. Jirani hangeweza siku sitini. Mama angepelekwa kwenye nyumba ya serikali ya wagonjwa, na katika wilaya hiyo hakuna aliyekuwa na habari za mgonjwa wa hali ile aliyewahi kurudi kutoka huko.

Kesi yenyewe ilikuwa imejipanga bila kusaidiwa. Jana saa kumi na mbili jioni Rostyslav Bilyk, muuza madirisha kutoka Lviv, miaka arobaini na minne, aliinamisha kichwa na kuzama ndani ya sufuria mbele ya macho ya mkewe, katikati ya maua ya waridi ya kusherehekea miaka kumi ya ndoa. Polisi wa zamu walipomtoa walikuta chini ya maji, juu ya mbao za kukanyagia, kichupa cha matone ya moyo, kitupu, na kwenye lebo jina la mama yake Hafiya. Mchana ule ule watu watatu walikuwa wamemwona Rostyslav akimshika Hafiya kiuno, na Hafiya akimchapa usoni kwa tawi bichi la msonobari. Matone mengi ndani ya vodka, moyo unalegea, maji ya moto yanamalizia kazi. Mwendesha mashtaka aliipenda kesi hiyo kama mtu anavyopenda viatu visivyobana.

Hafiya alikuwa na jibu moja. Jumamosi bibi mmoja mgeni alizirai ndani ya sufuria, akampa matone, kichupa kikamponyoka kikazama. Alimwambia mwenye nyumba, naye akasema atakiokota atakapomwaga maji. Huyo bibi alipopigiwa simu kwao Poltava alikumbuka kuzirai tu.

Basi kila kitu kilikaa juu ya swali moja. Kama maji yalimwagwa baada ya Jumamosi, kichupa kiliingia pamoja na marehemu. Kama hayakumwagwa, Hafiya alisema kweli. Ufunguo wa bomba la kutolea maji alikuwa nao mtu mmoja, Fedir Tomashchuk, mwenye nyumba, na Fedir alikwishaandika maelezo na kutia sahihi: maji mapya kwa kila kundi, mara ya mwisho Jumatatu saa kumi jioni. Habari za kichupa hakuambiwa na mtu.

Alikuwa anakuja sasa hivi, kizibao cha ngozi ya kondoo kimetariziwa maua, masharubu yamechanwa.

"Afande, hujala. Paraska wangu amepika uji wa mahindi kwa krimu, na jibini juu."

Yevdokia alitazama utando, kisha akamtazama yeye. "Baadaye. Maji haya yanatoka wapi?"

"Kijitoni. Kwa bomba."

"Kijito cha Januari kina barafu kingoni. Kuyachemsha mpaka mtu aingie ni saa tatu, nne kama kuni ni mbichi. Wewe unasema ulimwaga saa kumi. Saa kumi na moja watu wamekaa ndani."

Fedir alitabasamu kama mtu aliyeulizwa alichokesha anakisoma. "Njoo nikuonyeshe."

Bandani kulikuwa na tangi limefungwa blanketi kuukuu, na pembeni yake jiko la kuni linanguruma. Yevdokia aligusa bomba akarudisha mkono upesi.

"Lita elfu mbili, usiku na mchana ni moto," alisema Fedir. "Nafungua, nusu saa sufuria imejaa. Muulize mtaalamu wako."

Zenoviy alipima, akahesabu, akatikisa kichwa kwa huzuni. "Nusu saa. Dakika ishirini na nane."

"Sasa unaniamini, afande?"

"Nimeliamini tangi."

Alirudi uani akiwa amekunja uso. Mtu mwenye tangi kama lile hana sababu ya kubakiza uchafu. Maji ya bure, kuni za msitu wake mwenyewe, kazi ni kuzungusha ufunguo. Mvivu gani huyo anayelijaza jiko kuni kutwa kucha halafu anashindwa kuzungusha ufunguo?

"Toa mbao," alimwambia Zenoviy.

"Nilijua utasema hivyo. Nimeomba usiseme."

Kwanza alichota maji kwa ndoo, akayatia kwenye mapipa ya plastiki mpaka yakabaki kina cha goti. Mbao za kukanyagia zilipong'oka zilitoa mlio wa kubusu, na harufu ikapanda, ya chungwa lililooza na soksi na kitu kingine kitamu kitamu ambacho wote wawili hawakukitaja. Chini ya mbao hakukuwa na majani. Kulikuwa na tabaka.

"Keki ya harusi," alisema Zenoviy kwa sauti ya puani, maana alikuwa ameacha kuvuta pumzi. "Juu, waridi. Hapa katikati machungwa na karafuu, yamevimba. Bazoka iliyotafunwa. Kucha. Hii ni ya dole gumba, afande, imekatwa vizuri. Chini kabisa mnanaa na nyasi kavu."

Yevdokia alifungua daftari alimonakili orodha ya wageni. Waridi ni la wanandoa, Jumatatu. Machungwa ni ya ile familia ya Ternopil yenye watoto watano, Jumapili. Mnanaa na nyasi ni vya kundi la mabibi, yule aliyezirai na wenzake, Jumamosi. Siku tatu zimelaliana kitanda kimoja.

"Bwana Fedir. Ulimwaga maji mara ngapi tangu Jumamosi?"

"Mara zote. Majani hunasa chini ya mbao. Nilimwaga, sikusugua. Nihukumu kwa uvivu."

"Basi na kichupa kilinasa."

"Kichupa kilikuwa juu ya mbao. Vijana wako ndio walioandika. Juu nasafisha kila mara." Alisema hayo kwa upole, na kwa mara ya kwanza hakumtazama machoni. Alitazama ndoo ya Zenoviy. "Na hayo mliyochota, mtaalamu, tafadhali yasimwagike hapa."

Yevdokia alimpigia simu mwendesha mashtaka, akamsomea tabaka moja baada ya lingine.

"Niko mezani, Yevdokia."

"Nami ningependa kuwa mezani."

"Majani hayatii sahihi. Yeye ametia. Niletee maelezo mapya, yenye sahihi yake, karatasi na sio picha ya simu, kabla ya saa tisa. Vinginevyo binti anakwenda ndani."

Mjane alikuwa kwenye chumba cha kulia chakula, peke yake, mbele ya sahani ambayo hakuigusa. Aliitwa Ilona. Miguuni alivaa soksi nene za sufu zenye moyo mwekundu, na kwenye kiti cha pembeni zilikunjwa nyingine kama hizo, kubwa zaidi.

"Pole sana, mama," alisema Yevdokia, akakaa. "Nitakuuliza uliyokwisha kuulizwa. Nianzie asubuhi ya jana."

"Ilikuwa ratiba ya wapendanao," Ilona alisema. "Mwenye nyumba ameiandika kwenye ukuta, hiyo hapo. Asubuhi tulipanda kigari cha farasi. Rostyk, mume wangu, aliimba njia nzima, farasi hakufurahi. Halafu tukatengeneza jibini, kila mmoja anabonyeza upande wake. Halafu tukapigwa picha na nguo za kimilima. Mchana alikunywa. Lile jambo la yule msichana, nililiona. Alistahili lile tawi, na nilimwambia."

"Saa kumi na moja mkaingia."

"Tukaingia."

"Kati ya saa kumi na saa kumi na moja ulimwona mtu akimwaga maji?"

"Tulikuwa chumbani."

"Ndani ya sufuria mlikunywa nini?"

"Humo ndani hakuna. Kabla ya kuingia alikunywa vodka, kikombe kimoja, ya kwetu, nilimimina mwenyewe. Na yale maji ya Yordani."

Kalamu ya Yevdokia ilisimama. Sikukuu ya Yordani ilikuwa Jumamosi, tarehe kumi na tisa, siku ambayo padri hushuka mtoni na msalaba, na kila nyumba ya milimani hubeba chupa yake ya maji yaliyobarikiwa na kuiweka mwaka mzima.

"Alikupeni kutoka kwenye chupa?"

"Hapana, aliyachota."

"Kutoka wapi?"

"Humo humo." Ilona alishangaa kuulizwa. "Kwenye sufuria. Mwenye nyumba alichovya kikombe cha udongo. Alisema padri aliyabariki Jumamosi, na wanandoa wakiyanywa kwa kikombe kimoja hawaachani. Rostyk alikunywa karibu yote, mimi nikamalizia. Yalikuwa ya vuguvugu, na yana chumvi chumvi kidogo. Nilifikiri ni madini ya milimani."

Yevdokia aliweka kalamu chini. Alitazama theluji ya dirishani, theluji nyeupe isiyoguswa na mtu.

"Nimesema kitu kibaya?"

"Umesema vizuri sana, mama. Tia sahihi hapa. Na ukifika mjini, umwone daktari wa tumbo."

Ilikuwa saa saba na nusu alipoingia jikoni. Fedir alikuwa anakula. Mkewe Paraska, mwanamke mpana mwenye kitambaa cha maua kichwani, alisimama jikoni akikoroga chungu. Nyuma ya mlango kulikuwa na mlima wa shuka za wageni, umefika usawa wa kitasa.

"Mashine imeharibika, mama Paraska?"

"Mashine nzima. Afande, wewe si mtoto wa huku? Nani anafua wiki ya Yordani, maji yote yakiwa matakatifu?"

"Nilisahau. Nimekaa sana mjini." Yevdokia alivuta kiti, akaketi mbele ya Fedir, akaweka karatasi mbili mezani. Moja ilikuwa maelezo yake ya jana. Nyingine ilikuwa tupu. "Bwana Fedir, sina maswali. Nina njia mbili, wewe utanichagulia. Njia ya kwanza: ulimwaga maji jana saa kumi kama ulivyoandika. Basi saa kumi na moja ulichota maji ya bomba, ukawapa mtu na mkewe, ukawaambia ni ya Yordani. Mume akafa nayo tumboni."

Kijiko cha Fedir kilibaki hewani.

"Njia ya pili: maji yalikuwa ya Yordani kweli. Basi hukuyamwaga, na maelezo haya ni uongo."

Paraska aliacha kukoroga. "Fedir. Uliwapa watu maji ya bomba kwa jina la Yordani?"

"Hapana."

"Nitazame."

"Sikufanya hivyo, mwanamke. Sijafikia huko."

"Ulifikia wapi?" aliuliza Yevdokia.

Alifuta masharubu kwa kiganja, polepole, upande mmoja kisha wa pili. Alipoanza alizungumza na meza.

"Padri alitoka mtoni Jumamosi na msafara. Nikamwomba apitie kwangu. Wageni walikuwepo, nikasema watapiga picha, watafurahi. Akatumbukiza msalaba kwenye sufuria mara tatu. Watu wakapiga makofi. Mabibi wakaingia, wakaimba. Jioni nikachukua ufunguo nikamwage." Akameza mate. "Bomba la kutolea linamwaga uani. Ndipo wanapokimbilia kijitoni, peku, watu wazima na watoto. Maji yaliyoingia msalaba, afande, nitayamwagaje chini ya nyayo za watu?"

"Yanamwagwa kwenye mti," alisema Paraska. "Pasipopita mtu."

"Kwa ndoo. Lita elfu mbili. Nilibeba ndoo kumi na moja mpaka kwenye mtufaha, mgongo ukakatika. Nikasema kesho. Jumapili saa mbili ile familia ya Ternopil iko mlangoni, watoto wamekwishavua nguo. Nikaongeza ya moto kutoka kwenye tangi. Nikaongeza machungwa."

"Na jana?"

"Nikaongeza waridi."

Mlangoni Zenoviy, aliyekuja kuomba sabuni, alitoka tena bila sabuni.

"Jumapili uliniambia wajukuu wana mafua," alisema Paraska. "Nisiwaingize. Walilia siku nzima, Fedir. Hawakuwa na mafua."

Fedir aliweka kijiko chini.

"Ungeweza kusema jana," alisema Yevdokia. "Polisi walipokuuliza."

"Bango liko getini: maji mapya kwa kila kundi. Limekaa miaka tisa na ni kweli, miaka tisa sijawahi kudanganya mtu. Siku tatu tu hizi. Ningesema, nani angeleta watoto wake tena?"

"Hafiya alikuambia Jumamosi kwamba kichupa kimezama."

"Aliniambia."

"Kwa hiyo jana kilipotolewa ulikijua."

"Nilijua Hafiya atatoka." Sauti yake ilipungua. "Mtu asiye na hatia hutoka. Nilisema moyoni, wiki moja, mbili, watagundua."

"Siku sitini. Na mama yake?"

Alikuwa hajalifikiria hilo, au alikuwa amelifikiria na kulifunika kwa majani kama alivyofunika mengine. Yevdokia aliwahi kukaa meza moja na wauaji wakala mkate mmoja. Mkate wa mtu huyu msafi mwenye masharubu yaliyochanwa hangeweza kuugusa. Alisukuma karatasi tupu mpaka ikagusa bakuli la uji.

"Andika. Tangu msalaba mpaka waridi. Na kichupa, ukiandike kwa herufi kubwa."

"Wataniondolea kibali."

"Watakuondolea."

"Andika," alisema Paraska. Alichukua bakuli lake, lililobaki nusu, akalimwaga kwenye ndoo ya nguruwe. "Utakula ukimaliza."

Aliandika dakika ishirini na tano. Saa nane na dakika tano alitia sahihi, na Paraska akatia yake kama shahidi, jina kamili, kwa mkandamizo uliotoboa karatasi. Yevdokia alimsomea mwendesha mashtaka kwa simu akiwa anavaa koti.

"Ilete kabla ya saa tisa, nitaondoa ombi. Binti atalala kwao leo. Na muuza madirisha? Tumebaki na nini?"

"Tumebaki na vodka, moyo na daktari wa maiti. Mwambie aangalie tumbo. Alikunywa kikombe kizima."

"Kikombe cha nini?"

"Umemaliza kula?"

"Bado."

"Basi nitakuambia Kosiv."

Uani Zenoviy alikuwa amepanga madumu ya plastiki, lita ishirini ishirini, mstari mrefu kama foleni ya mkate. Fedir alitoka nyuma ya Yevdokia bila kofia.

"Afande. Maji yenyewe je?"

"Ni kielelezo. Yote yanakwenda maabara."

"Yote?"

"Kila tone."

Fedir alifumba macho, akajifanyia ishara ya msalaba, na mabega yake yakashuka kama ya mtu aliyetuliwa mzigo wa kuni. Zenoviy aliwatazama kwa zamu.

"Lita elfu mbili," alisema. "Ndani ya gari langu. Mimi na haya, kilomita arobaini, madirisha yamefungwa kwa baridi."

"Fungua madirisha."

Zenoviy alinyanyua dumu la kwanza kwa mikono miwili, uso ameupeleka pembeni, akavuka nalo mbele yake kuelekea gari. Kifuniko hakikukaza. Maji yakaruka kidogo, yakachora kwenye theluji mstari wa rangi ya chai, kati ya Yevdokia na lango.

Ilikuwa saa nane na robo, na Kosiv ni mwendo wa nusu saa barabara ikiwa nzuri. Yevdokia alipiga hatua mbili kubwa, akasimama, akatukana chini kwa chini kwa maneno ambayo mama yake hakumfundisha. Kisha akazunguka mstari ule kwa mbali, akipita kwenye theluji ya magoti, na karatasi ameikumbatia kifuani.